Barua ya Wazi: Kila Tundu Linalotobolewa Chini ya Barabara Zetu Liache Ramani

Kwa wakuu wa TANESCO, TANROADS, TARURA, DAWASA, TPDC na kampuni za mawasiliano zenye miundombinu chini ya ardhi ya Jiji la Dar es Salaam

YAH: KUMBUKUMBU ZA MABOMBA YA NYAYA ZA UMEME YANAYOPITISHWA KWA KUTOBOA CHINI KWA CHINI

Waheshimiwa,

Kwa heshima ninawaandikia kuhusu kazi ya kupitisha mabomba ya nyaya za umeme chini ya barabara kwa mashine ya kutoboa chini kwa chini, badala ya kukata lami na kuchimba mtaro. Kazi yangu ni kusimamia ulazaji wa kebo za msongo wa kati, yaani za kilovolti 11 na 33, na mashine hii naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo naona matumizi yake yanaenea upesi kuliko utaratibu wa kuyasimamia, na lipo jambo moja ambalo lisiposhughulikiwa sasa litatugharimu sana huko mbele: tundu linatobolewa, bomba linavutwa, mkandarasi analipwa, na mara nyingi hakuna karatasi inayobaki kuonyesha bomba lile lilipita wapi na kwa kina gani. Ombi langu kwenu ni kwamba hati ya malipo ya kazi ya namna hii isitiwe saini mpaka jedwali la utoboaji, yaani karatasi ya vipimo vya mahali bomba lilipopita na kina chake, liwe limekabidhiwa kwa mamlaka ya barabara husika.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu njema. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Lakini umeme huo haumfikii mwenye saluni wa Tandale wala kiwanda cha Chang'ombe mpaka upite kwenye njia za kilovolti 33 na kilovolti 11 za mjini, na hizo ndizo zinazokatika gari linapogonga nguzo, mvua za masika zinapolainisha udongo, au tawi la mwembe linapoangukia waya. Kuzishusha njia hizo ardhini katika maeneo yenye msongamano ni uamuzi wa busara. Ugumu ni kwamba ardhi yenyewe imekwisha kujaa. Humo yamo mabomba ya maji safi na ya majitaka, zimo nyaya za mawasiliano za kampuni mbalimbali, na yamo mabomba ya gesi asilia, ambayo ilifika Ubungo kutoka Songo Songo mwaka 2004 na leo inasambazwa hadi majumbani katika maeneo kama Mikocheni. Kila anayeingia sasa anaingia kwenye nyumba yenye wapangaji.

Madhara ya kukata barabara anayajua kila anayeendesha chombo mjini. Mtaro ukikatwa kwenye lami, hata ukifukiwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, mpaka kati ya lami ya zamani na kiraka kipya hubaki kuwa mlango wa maji; maji yakishaingia, tabaka la chini hulegea, kiraka huzama, na baada ya misimu miwili mitatu ya mvua panakuwa na shimo. Kwenye njia ya mabasi yaendayo haraka hali ni nzito zaidi, kwa kuwa njia ya awamu ya kwanza, iliyoanza kutumika Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, imejengwa kwa zege. Zege haliwekwi kiraka kama lami. Sehemu nzima ya zege hukatwa, humwagwa upya na kusubiriwa ikomae, na muda wote huo mabasi huhamishiwa kwenye foleni ileile ambayo njia hiyo ilijengwa ili kuyaepusha nayo. Ikilazimu kuvusha kebo kutoka upande mmoja wa Barabara ya Morogoro kwenda upande wa pili, kutoboa chini ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa, na kukata kuwe ni jambo la kuombewa ruhusa kwa maandishi na kwa sababu zinazoeleweka.

Kwa wale ambao majukumu yao ni ya ofisini, naomba nieleze kazi yenyewe, maana hoja yangu imo ndani yake. Mashine hukaa upande mmoja wa barabara na kuingiza ardhini, kwa mshazari wa kati ya nyuzi 8 na 20, fimbo za chuma zinazounganishwa moja baada ya nyingine. Kwa mashine za ukubwa unaotumika mitaani, fimbo moja huwa na urefu wa mita 3 hivi. Kichwa cha mbele kimechongwa upande mmoja mfano wa mdomo wa bata. Fimbo zikisukumwa huku zinazungushwa, kichwa huenda moja kwa moja. Zikisukumwa bila kuzungushwa, hupinda kufuata upande ule uliochongwa ulikoelekea, na hivyo ndivyo fundi anavyokipandisha, anavyokishusha au kukipeleka kushoto na kulia. Ndani ya kichwa kuna kifaa kidogo cha kurusha mawimbi. Juu ya ardhi anatembea fundi wa pili akiwa na kipokezi, ambacho humwonyesha kichwa kiko kwa kina gani, kimeinama kiasi gani, na uso wake umeelekea wapi. Kupitia ndani ya fimbo husukumwa tope la bentonaiti, unga wa aina ya mfinyanzi uliochanganywa na maji, linalopoza kichwa, linalotoa udongo uliochimbwa, na linaloshikilia kuta za tundu zisiporomoke. Kichwa kikitokeza upande wa pili, huondolewa na mahali pake hufungwa kipanuzi. Nyuma ya kipanuzi hufungwa bomba kwa kiungo kinachozunguka ili bomba lenyewe lisijisokote, na vyote huvutwa kurudi mashine ilipo. Kanuni ya kazi ni kwamba tundu liwe na upana wa takriban mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba, kwa hiyo bomba la milimita 160 huhitaji tundu la milimita 240 hivi.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1971 mkandarasi wa Marekani, Martin Cherrington, alivusha bomba la gesi la kampuni ya Pacific Gas and Electric chini ya Mto Pajaro, karibu na Watsonville huko California, na ndipo ulipoanza mtindo wa kuvuka mito kwa kutoboa. Tangu hapo mashine zimepungua ukubwa hata nyingine hubebwa na lori moja na kuwekwa kwenye mtaa mwembamba.

Sasa naomba mtazame tofauti kati ya njia hizi mbili. Tukichimba mtaro wa wazi, kebo hulazwa kwenye mchanga, juu yake huwekwa vigae vya zege na utepe wa tahadhari, kisha hufukiwa. Mchimbaji atakayekuja miaka 15 baadaye, hata kama hana ramani yoyote, sururu yake itakutana na kigae kabla ya kukutana na kilovolti 33. Kwenye tundu lililotobolewa hakuna kigae wala utepe, na haiwezekani kuviweka, maana udongo wa juu haukuguswa. Wala kina hakikisiki, kwa sababu bomba halikwenda kwa kina kimoja: liliingia kwa mshazari, likashuka mita 3 au 4 katikati ya barabara, likapanda tena, na pengine likapindishwa kidogo ili kukwepa chemba ya majitaka. Vifaa vya kutafutia nyaya ardhini husaidia, lakini uwezo wake hupungua kadiri kina kinavyoongezeka, na rada ya ardhini huona kwa shida sana penye mfinyanzi au maji ya chumvi, vitu ambavyo Dar es Salaam inavyo kwa wingi. Kinachobaki cha kumwonya yule mchimbaji ni kumbukumbu. Ikikosekana, tumezika hatari isiyo na alama.

Kumbukumbu hiyo, Waheshimiwa, haihitaji bajeti mpya, kwa kuwa kazi haiwezi kufanyika bila kuizalisha. Kila fimbo moja inapomalizika, mwenye kipokezi humtajia mwendesha mashine kina na mwinamo, na mwendesha mashine hutegemea tarakimu hizo kuamua fimbo inayofuata aipeleke vipi. Kuvuka barabara ya mita 40 ni fimbo 14, yaani mistari 14 ya maandishi. Nimeona mistari hiyo ikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko mtupu wa bentonaiti, kwa mwandiko mzuri tu, kina kwa sentimita na mwinamo kwa asilimia, hata pale penye bomba la maji pakiwekewa alama ya msalaba; na jioni, kazi ilipokwisha, mfuko ule ukakunjwa na kutupwa pamoja na mifuko mingine. Habari iliyohitajika kwa miaka 40 ijayo ilikuwapo mkononi mwa fundi, imekamilika, na hapakuwa na mtu aliyepewa wajibu wa kuipokea. Mashimo ya kuingilia na kutokea yakafukiwa, lami ikabaki safi, na kila mtu akasifu. Hiyo ni kazi ya funika kombe, na sidhani kuwa mafundi ndio wa kulaumiwa. Mkataba haukuwadai karatasi.

Jedwali ninalolipendekeza ni la ukurasa mmoja. Lionyeshe sehemu ya kuingilia na ya kutokea kwa vipimo vya mpima ardhi mwenye kifaa cha kazi hiyo, kwa sababu simu ya mkononi inaweza kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa kwenye hifadhi ya barabara ndiyo tofauti kati ya bomba la maji na bomba la gesi. Lionyeshe kina cha kila fimbo, idadi na kipenyo cha mabomba yaliyovutwa, tarehe, jina la mkandarasi na saini ya msimamizi wa mwenye kebo. Ninasisitiza jambo moja ambalo husahaulika hata pale kumbukumbu inapowekwa: kina kisiandikwe kwa kupima kutoka uso wa lami peke yake. Barabara zetu hupanuliwa, huongezwa tabaka, na nyingine huchongwa na kushushwa zinapojengwa upya. Kina cha mita 2 kilichoandikwa leo kinaweza kuwa mita 1 na robo baada ya tingatinga kupita, na aliyekiamini atakuwa amedanganywa na karatasi ya kweli. Kwa hiyo kila kina kihusishwe na alama ya kudumu ya upimaji, ili mhandisi wa barabara atakayekuja aweze kupiga hesabu yake mwenyewe.

Kabla ya hapo lipo la kufanya kabla mashine haijawashwa. Kila bomba na kila kebo inayokatiza njia ya tundu lazima ifukuliwe kwa mkono, au kwa gari la kunyonya udongo pale lilipo, mpaka ionekane kwa macho na kina chake kipimwe. Sisi huyaita mashimo ya kuchungulia. Katika kazi moja niliyohusika nayo, mchoro tuliopewa ulionyesha bomba la maji upande wa mashariki wa barabara. Vijana wakafukua shimo la kuchungulia upande wa magharibi, kwa ajili tu ya kuhakiki nyaya za simu, na kwa kina kisichofika mita moja sururu ikawekwa chini, wakaanza kutoa mchanga kwa mikono, ukaonekana mgongo wa bomba la chuma lenye kutu, limelala sawasawa kwenye mstari tuliokusudia kutoboa. Aliyechora hakuwa na nia mbaya. Inaelekea bomba lililazwa upande uliokuwa rahisi siku ile na mchoro ukabaki kama ulivyopangwa ofisini. Lakini fimbo ya chuma inayosukumwa kwa nguvu ya tani kadhaa haiulizi, na maji ya mtaa mzima yangekatika. Kutoboa bila mashimo ya kuchungulia ni kupiga ramli.

Bomba la maji likitobolewa, angalau linajitangaza. Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni bomba la majitaka, kwa kuwa linaweza kutobolewa likakaa kimya. Kichwa cha mashine hupita katikati ya bomba la zege au la plastiki bila mwendesha mashine kuhisi chochote, bomba la kebo likavutwa ndani yake, na majitaka yakaendelea kupita juu na chini yake kwa miezi au miaka. Siku moja bomba linaziba. Anakuja fundi na waya wake wa kuzibulia, anausukuma kwa nguvu akidhani anapambana na uchafu, kumbe anasaga bomba la mtu mwingine. Huko Kenosha, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mwaka 1976 nyumba ililipuka na watu wakafa kwa namna hiyohiyo: bomba la plastiki la gesi lilikuwa limepitishwa kwa kutobolewa ndani ya bomba la majitaka, na waya wa kuzibulia ukalitoboa. Kwetu fundi huyo anaweza kukutana na gesi au na kilovolti 33. Kwa sababu hiyo, penye majitaka ninaomba kamera ipitishwe ndani ya bomba la majitaka kabla ya kazi na baada ya kazi, na picha zake ziambatishwe kwenye jedwali. Ni kazi ya saa chache.

Kuhusu usalama wa walio kazini nitasema kwa ufupi, maana kanuni zake zinajulikana na kinachohitajika ni kuzifuata. Mashine za kutoboa zina kengele inayounganishwa na chuma kilichopigwa ardhini pembeni, nayo hulia fimbo zikigusa umeme. Ikilia, aliye juu ya mashine abaki palepale, asishuke. Aliye chini asiguse mashine, fimbo wala mpira wa tope. Kengele hiyo isiyojaribiwa asubuhi kabla ya kazi ni pambo tu. Na vibarua wanaofungua fimbo upande wa kutokea, ambao kwa kawaida ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote na ndio walio mbali na kengele, wapewe mabuti yasiyopitisha umeme na redio ya mawasiliano. Kuwaona wakiwa wamesimama kwenye tope kwa kandambili kunaniuma kila mara.

Udongo wa jiji hili nao unastahili kuheshimiwa kwenye mikataba. Dar es Salaam haina ardhi ya aina moja. Upo mchanga mlegevu unaoporomoka tundu linapoachwa bila tope zito la kutosha. Upo mfinyanzi wa bonde la Msimbazi, unaovimba, kunata kwenye kipanuzi na kuzuia tope kurudi. Na ukielekea ufukweni, Msasani na Oysterbay, unakutana na jiwe la matumbawe, ambalo kichwa cha kawaida cha udongo hakiliwezi na linahitaji vifaa vya mwamba. Mkandarasi aliyepewa bei moja kwa mita bila kuangaliwa ardhi atakapokutana na matumbawe atafanya mojawapo ya mambo mawili: ataomba nyongeza, au atapandisha tundu juu ya jiwe na kuacha kebo kwenye kina kidogo mno, bila kumwambia mtu. La pili ndilo hutokea kimyakimya, na jedwali la utoboaji ndilo litakalolifichua.

Tope pia lina yake. Bentonaiti haichanganyiki vizuri na maji ya chumvi, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji yapimwe na kurekebishwa ipasavyo kabla ya unga kutiwa, la sivyo linalosukumwa ardhini ni maji machafu yasiyoshikilia ukuta wowote. Tundu la milimita 240 kwa mita 40 hutoa karibu lita 1,800 za udongo, na tope linalohitajika kuutoa ni mara kadhaa ya kiasi hicho. Fundi mwenye haraka akivuta kipanuzi upesi kuliko tope linavyoweza kurudi, shinikizo hupanda na tope hufumuka katikati ya barabara au chini ya sakafu ya duka la mtu, na lami huvimba. Matope yanayorudi nayo yapelekwe mahali palipoidhinishwa. Kuyamwaga kwenye mfereji wa mvua, katika mji ambao Jangwani yake hufurika mara kwa mara, ni kuwapelekea mafuriko watu wa chini ya bonde.

Naomba wahandisi wa umeme wanivumilie kwa hoja inayofuata, ambayo wanaijua lakini naona inaachwa nje ya mahesabu. Kebo yenye kihami cha XLPE, plastiki inayozuia umeme usitoke nje, hairuhusiwi kuzidi nyuzi joto 90 kwenye kondakta wake, yaani waya wa ndani unaobeba umeme, inapobeba mzigo wa kudumu. Joto hilo lazima lisafiri kutoka kwenye kondakta, lipite kihami, lipite hewa iliyomo ndani ya bomba, kisha udongo wote mpaka juu. Kebo iliyolazwa kwenye mtaro wa sentimita 90 ina udongo kidogo juu yake. Kebo hiyohiyo ikishushwa mita 4 chini ya barabara ina njia ndefu zaidi ya kupoteza joto, na ikiwa imezungukwa na mchanga mkavu, ambao haupitishi joto vizuri, uwezo wake wa kubeba umeme hupungua. Uwezo wa njia nzima unaamuliwa na sehemu yake yenye joto kali kuliko zote, hata kama sehemu hiyo ni ya mita 10 tu katika kilomita 5. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60287 kinaeleza namna ya kupiga hesabu hiyo, na hesabu ipigwe kwa kina kilichofikiwa kweli, si kwa kina kilichochorwa. Hapa tena bila jedwali hakuna hesabu. Kebo iliyozikwa kwa kina kisichojulikana itapewa mzigo unaokisiwa, na itakapoungua, fundi atakayetafuta hitilafu hataweza kuifukua, kwa kuwa haifikiki; itabidi ivutwe yote na ibadilishwe.

Kwa sababu hiyohiyo, kila kivuko kiwe na bomba angalau moja la akiba. Gharama kubwa ya kazi hii ni kuleta mashine, kufukua mashimo na kupata vibali. Bomba la pili likivutwa sambamba na la kwanza halirudufishi gharama hiyo, bali linaokoa tundu zima la miaka ijayo. Lakini bomba tupu la plastiki halionekani kwa kifaa chochote cha kutafutia nyaya, kwa hiyo livutwe pamoja na waya mwembamba wa shaba unaoishia kwenye chemba pande zote mbili, ili aliye juu aweze kulifuatilia. Ncha zake zizibwe siku ileile, maana bomba la akiba lililojaa mchanga na maji si akiba. Yapo na mambo madogo ya ufundi yanayoharibu kazi kubwa. Vipande vya bomba vinapounganishwa kwa kuyeyushwa, huachwa ukingo mgumu ndani ya kila kiungo, na ukingo huo usipokwanguliwa utachubua ganda la kebo inapovutwa. Bomba lililovutwa hurefuka kidogo kisha hujirudi lenyewe, kwa hiyo ncha zisikatwe wala kufungwa kabla ya kupumzishwa usiku mzima. Na kabla kazi haijapokewa, kipimo kigumu chenye kipenyo kinachokaribia cha bomba kipitishwe kutoka ncha hadi ncha mbele ya msimamizi. Kisipopita, kazi haijaisha.

Sisemi kwamba mashine ichukue nafasi ya mtaro kila mahali. Pembeni mwa barabara ya mchanga pasipo na mabomba mengine, mtaro unaochimbwa kwa majembe na vijana wa mtaa huohuo ni bora: unawapa ajira, unaruhusu vigae na utepe, unaweka kebo kwenye kina kinachoipoza, na kila mpita njia anaona kinachofanyika. Nimesikia pendekezo la kutoboa mitaa mizima kwa urefu ili kukwepa usumbufu, na nalipinga. Mashine ibaki kwa ajili ya vivuko vya barabara za lami na zege, mito, mifereji mikubwa, na milango ya hospitali na masoko, mahali ambapo kukata kunaumiza kuliko kunavyosaidia.

Linabaki swali la nani atunze kumbukumbu hizi. Sipendekezi chombo kipya. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, usimamizi wa hifadhi ya barabara uko mikononi mwa mamlaka ya barabara, na kila mwenye bomba au waya hupita mlangoni mwake kuomba kibali. Hapo ndipo mahali pekee ambapo umeme, maji, gesi na simu wote hukutana, kwa hiyo jedwali lirudi mlangoni palepale kibali kilipotolewa, na nakala ipatikane kwa kila atakayeomba kibali kingine kwenye barabara hiyo. Uingereza iliwawekea wenye miundombinu ya mitaani wajibu wa kutunza kumbukumbu za mahali ilipo kwa sheria yao ya mwaka 1991. Marekani tangu mwaka 2007 wana namba moja ya simu, 811, ambayo anayetaka kuchimba huipiga, na wenye mabomba na nyaya huja kuweka alama za rangi juu ya ardhi: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, buluu kwa maji, kijani kwa majitaka. Tunaweza kufika huko, ila namba ya simu haina maana kama anayeipokea hana cha kutazama.

Najua kuna wanaohofia kwamba ramani za nyaya zikiwa wazi zitawasaidia wezi wa shaba. Hofu hiyo naielewa, na jibu lake ni kuwapa ramani wenye vibali peke yao, kwa saini na kwa eneo husika tu. Mwizi wa shaba hahitaji ramani ya bomba lililo mita 4 chini ya Barabara ya Morogoro. Anayeihitaji ni mwendesha kijiko wa mradi wa mifereji, ambaye leo anaanza kazi saa moja asubuhi akiwa hana chochote mkononi zaidi ya kuuliza wenye maduka.

Kwa hayo, ninaomba taasisi zenu zikae pamoja na kutoa waraka mmoja utakaozifunga zote kwa usawa: kwamba kibali cha kutoboa chini ya barabara kisitolewe bila mashimo ya kuchungulia yaliyoshuhudiwa na wawakilishi wa maji, majitaka, gesi, umeme na simu, na kwamba malipo ya mwisho yasifanyike bila jedwali la utoboaji, picha za kamera penye majitaka, na hesabu ya uwezo wa kebo kwa kina kilichofikiwa. Kwa vivuko vilivyokwisha kutobolewa, wasimamizi na mafundi walioifanya kazi hiyo wengi bado wapo kazini, na wanakumbuka. Waitwe, wapelekwe uwandani pamoja na mpima ardhi, na wanachokikumbuka kiandikwe kabla hawajastaafu.

Ndimi wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa kazi za kebo za msongo wa kati
Dar es Salaam